Sheria Morogoro au Sheria Mwanza? Jibu kwa binti wa Makorora

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa HKL, nina C ya Historia, C ya Kiswahili na D ya Kiingereza. Nimechaguliwa vyuo viwili, vyote vya binafsi: Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, kusoma Shahada ya Sheria pamoja na Sharia, yaani sheria ya Kiislamu, na SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino) Mwanza, Shahada ya Sheria. Nataka kuwa wakili, hasa wa mikataba, maana huku kwetu bomba la mafuta limeamsha mambo. Baba anataka Morogoro kwa sababu ya dini na kwa sababu shangazi yangu anakaa Kihonda. Marafiki zangu wote wanasema SAUT ndiyo yenye jina. Mimi ni mkimya darasani, naandika vizuri kuliko ninavyosema. Nichague kipi kwa upande wa taaluma, na kipi kitanifaa mimi? Na laptopu, ninunue sasa au nisubiri bumu, ile fedha ya kujikimu ya mkopo?
Binti wa Makorora, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera. C mbili na D ni alama nane, na TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, inataka angalau nne kwa masomo mawili, kwa hiyo hujaingia kwa mlango wa uani. Hakuna chuo hapo kinachokufanyia hisani. Wewe ndiye unayechagua.

Umesema unataka uwakili, basi tuanzie huko mbele ndipo turudi nyuma. Shahada ya sheria peke yake haikuvalishi joho. Ukihitimu, popote ulikosomea, utakwenda Law School pale Dar es Salaam, ambayo jina lake rasmi ni Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Huko utakaa benchi moja na waliotoka Mlimani, Mzumbe, Ruaha na Tumaini, na mtihani ni mmoja. Mwaka 2022 matokeo ya pale yalitikisa nchi nzima: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya masomo, na 265 waliondolewa. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati ule, Dk. Damas Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe ichunguze. Watu walilaumiana sana. Wako waliosema taasisi inakomoa watoto wa watu, na wako waliosema vyuo vinapeleka wanafunzi wabichi. Kwa maoni yangu kila upande ulikuwa na lake, ila wewe huna uwezo wa kuibadilisha Law School. Unachoweza kuchagua leo ni chuo kitakachokufikisha pale umeiva.

Ndiyo maana swali langu kwa vyuo vyote viwili ni moja: pale, nani atakufanya uandike, na nani atakusahihisha? Mengine yote nitakayosema yanafuata nyuma ya hilo.

Habari ya jina tuimalize upesi. SAUT ilitokana na taasisi ya mafunzo ya jamii ya pale Nyegezi, ikawa chuo kikuu mwaka 1998 chini ya Baraza la Maaskofu Katoliki. Jina lake kwa sehemu kubwa limejengwa na uandishi wa habari, na wanahabari wengi mnaowasikia redioni wamepita pale. Chuo cha Waislamu Morogoro ni kidogo na ni kichanga zaidi. Kilianza mwaka 2005 kwenye majengo yaliyokuwa chuo cha TANESCO, na ukifika utayaona hivyo hivyo, majengo ya shirika la umma la zamani. Sasa niambie, umaarufu wa kitivo cha habari unamsaidia nini mwanafunzi wa sheria anayetafuta mtu wa kumsahihishia insha? Marafiki zako wanakutajia jina la chuo kizima. Wewe utaishi ndani ya kitivo kimoja, na humo kitivoni utaishi na wahadhiri wasiozidi kumi na kitu.

Ithibati nayo ni ya kuangalia kisha unaendelea. Vyuo vyote viwili vinatambuliwa na TCU. Nalisema kwa sababu watu wa mkoa huu tuliwahi kuwa na Chuo Kikuu cha Eckernforde, na jirani zetu wa Pwani walikuwa na Chuo Kikuu cha Bagamoyo, na leo vyote viwili havimo kwenye orodha ya TCU. Chuo kikifungwa, wanafunzi huhamishiwa kwingine, na kuhama katikati ya shahada si jambo la kumwombea mtu. Kwa hiyo fungua Mwongozo wa Udahili wa TCU wa mwaka huu, tafuta programu yako yenyewe, usiishie kwenye jina la chuo. Ukiwa hapo hapo tazama safu mbili ambazo wazazi wengi huzipita: ile ya muda wa masomo, kwa sababu sheria husomwa miaka mitatu kwa vyuo vingine na minne kwa vingine, na ile ya idadi ya wanafunzi ambao programu inaruhusiwa kuwapokea. Hiyo ya pili tutairudia.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo hukuliuliza, nalo ndilo zito. Hizo shahada mbili hazifanani. Moja ni sheria, nyingine ni sheria pamoja na Sharia. Usije ukadhani ya Morogoro ni shahada ya ushehe, wala usidhani ni ile ile ya Mwanza iliyonyunyiziwa masomo ya dini. Ni mzigo wa ziada juu ya mzigo, na lazima ujiulize kama mzigo huo utakulipa.

Kwa anayetaka kufanya kazi Tanga, mimi naona unalipa. Nitakueleza kwa nini, na samahani kama nitakuharibia ndoto ya bomba. Lile bomba lina kilometa 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, na mikataba yake mikubwa imeandikwa na kampuni za mawakili za Dar es Salaam, London na kwingineko. Wakili kijana wa Tanga hula kwa nini? Kwa mirathi na ardhi. Mtu kafariki Ngamiani ameacha nyumba mbili, mke mmoja hapa na mwingine Pangani, watoto saba, na mdogo wake marehemu keshaanza kukusanya kodi za wapangaji. Shauri hilo linafunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ambayo kisheria ina mamlaka ya kusikiliza mirathi ya Kiislamu. Hapo wakili asiyejua kwamba wake wakiwa na marehemu mwenye watoto hugawana thumni, yaani moja ya nane kwa wote pamoja na si kila mmoja, atamshauri mteja uongo mbele ya mashahidi. Bara hatuna Mahakama ya Kadhi ya kiserikali kama Zanzibar. Makadhi wa BAKWATA, baraza kuu la Waislamu, hupatanisha na kushauri, lakini amri ya mwisho inatoka kwa hakimu. Hivyo mtu anayezijua njia zote mbili, ya msahafu na ya kitabu cha sheria, ana kazi mji huu. Na ukivuka bahari kwenda Unguja au Pemba ana kazi zaidi.

Hata kwenye mikataba unayoipenda, Sharia si kitu cha kando. Amana Bank ilipofungua milango mwaka 2011 ikiwa benki ya kwanza nchini kuendeshwa yote kwa misingi ya Kiislamu, ilihitaji mikataba ya kuuziana na kushirikiana isiyokuwa na riba, na mikataba hiyo ina wataalamu wachache. Kuna benki nyingine zilizofungua dirisha la aina hiyo. Hapo pana mlango ambao mhitimu wa sheria tupu hana budi kujifunza upya ili aupite.

Lakini kama moyo wako hauko huko, kama ukifikiria darasa la mirathi unaona usingizi, basi masomo hayo yatakula saa ambazo ungezitumia kwenye sheria ya makampuni, na utakuja kujuta. Usisome Sharia ili kumfurahisha baba. Isome kwa sababu umeitaka. Waandikie wote wawili wakupe orodha ya masomo ya kila mwaka, siyo kipeperushi chenye picha za wahitimu. Ukiipata, tafuta mikataba, madhara, jinai, katiba, ardhi, ushahidi, mwenendo wa madai na wa jinai, makampuni, sheria ya utawala. Hayo hayakwepeki. Kisha angalia masomo ya kuchagua ya miaka ya mwisho: kuna chochote cha biashara ya kimataifa, kodi, mafuta na gesi, bahari? Na lipo swali ambalo karatasi haitakujibu, kwamba somo hilo la kuchagua limefundishwa lini kwa mara ya mwisho. Vyuo vingi, vya umma na vya binafsi, vina masomo yanayoishi kwenye orodha tu.

Nirudi kwenye kuandika, maana hapo ndipo ninapouma meno.

Ofisini kwetu hapa Ngamiani huja wanafunzi wa fildi kila mwaka. Mwaka mmoja niliwapa wawili, wa vyuo tofauti, jalada moja la mgogoro wa shamba la michungwa Muheza, nikawaambia kila mtu aandike hati ya kiapo ya mteja wetu. Wa kwanza alitoka chuo ambacho ukikitaja watu wanatikisa vichwa kwa heshima. Aliandika kurasa tatu za Kiingereza kizuri, na katika aya ya tano akasema mdaiwa alikata miti kumi na minne usiku. Nikamuuliza, mteja wetu aliona? Hapana, aliambiwa na jirani. Mbona hukusema? Na mwishoni hakukuwa na uthibitisho wowote unaotenganisha aya anazozijua mwenyewe na zile alizoambiwa, wala aliyemwambia ni nani. Hati ya namna hiyo wakili wa upande wa pili anaipinga asubuhi na mchana imeshatupwa. Wa pili Kiingereza chake kilikuwa kinachechemea. Hati yake ilikuwa ukurasa mmoja na robo. Kila aya ilikuwa na jambo moja, aya ya sita ilisema wazi kwamba habari ile ameipata kwa jirani fulani na anaiamini kuwa kweli, na uthibitisho ulikuwa mahali pake, na nafasi ya kamishna wa viapo chini yake. Nilimuuliza amejifunzia wapi. Akasema kuna mhadhiri wao mmoja aliyekuwa akiwaandikisha hati kila wiki mbili na kuzirudisha na wino mwekundu. Mmoja tu! Chuo chenyewe sitakitaja, na si kimoja kati ya hivyo viwili vyako.

Ukisikia wanasema taaluma ya chuo, kwangu mimi ndiyo hiyo. Nani anarudisha kazi na wino mwekundu.

Utamjuaje ukiwa Makorora? Kwa simu, mwanangu. Tafuta wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu wa sheria, wawili wawili kila chuo. Wa mwaka wa kwanza bado ana furaha ya ugeni, na mhitimu keshaanza kukisifia chuo chake kwa sababu kiko kwenye cheti chake. Usimuulize kama chuo ni kizuri. Muulize: muhula uliopita umeandika kazi ngapi, na ngapi zilirudi zikiwa zimesahihishwa kabla ya mtihani? Muulize mhadhiri wa mikataba ni wa kudumu au ni wa kuazima anayekuja Jumamosi akitokea kwingine. Vyuo vya binafsi vinaazima sana, na mhadhiri wa kuazima anaweza kuwa bingwa, lakini Jumanne ukiwa na swali humpati. Muulize kama kuna mahakama ya mazoezi, na kama kila mtu hupata zamu ya kusimama au ni wale wale watano wanaopelekwa kwenye mashindano. Muulize kuhusu kliniki ya msaada wa kisheria, kama wanafunzi wanakutana na wateja kweli. Muulize maktaba inafungwa saa ngapi usiku. Muulize matokeo hutoka lini, na mtu aliyekosewa alama hulalamika wapi. Mtoto akianza kukujibu kwa kicheko, umeshapata jibu.

Kwenye tovuti za vyuo tazama orodha ya walimu wa kitivo. Utaona Mkufunzi Msaidizi, Mhadhiri Msaidizi, Mhadhiri, Mhadhiri Mwandamizi, mpaka Profesa. Kitivo chenye wasaidizi watupu kinafundishwa na watu ambao wenyewe bado wanasoma. Si dhambi, vijana wengine hufundisha kuliko wazee, ila lazima pawe na wakubwa wa kutosha wa kuwaongoza.

Jambo moja vyuo hivyo viwili viko sawa, nalo watu hawalisemi. Mwanza na Morogoro yote yana Vituo Jumuishi vya Utoaji Haki, yale majengo sita yanayokusanya mahakama za ngazi mbalimbali chini ya paa moja, yaliyozinduliwa na Rais Samia mwaka 2021. Kwa mwanafunzi wa sheria hiyo ni neema. Asubuhi usiyo na kipindi unaweza kuingia ukasikiliza shauri la ardhi Mahakama Kuu, ukatoka ukaingia chumba kingine ukasikiliza la wizi wa pikipiki. Kesi za hadharani haziingiliwi kwa kiingilio.

Na kabla ya kwenda popote unaweza kujipima hapa hapa nyumbani. Nenda Mahakama Kuu Kanda ya Tanga siku moja asubuhi, vaa kwa heshima, zima simu, kaa nyuma. Kisha ingia TanzLII, mtandao ambao hukumu za mahakama zetu huwekwa bure, chukua hukumu moja ya Mahakama ya Rufani kuhusu mkataba, isome yote na kamusi pembeni. Andika nusu ukurasa: nini kilitokea, walibishania nini, majaji waliamua nini na kwa sababu gani. Ile D yako ya Kiingereza ndiyo inayonifanya nikusukume hapa. Mwaka 2021 Bunge liliifanya lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, nasi tulishangilia, lakini mihadhara utaikuta kwa Kiingereza, hukumu nyingi ni za Kiingereza, na mikataba ya mafuta ndiyo usiseme. Ukimaliza ukurasa ule na bado unataka hukumu nyingine, sheria ni yako. Ukichoka kwenye ukurasa wa tatu na kuona mambo yote ni karaha, hiyo nayo ni habari, na bora uipate kabla ya kulipa ada.

Ukimya wako sasa. Watu watakuambia wakili lazima awe na mdomo. Wakili wa mikataba siku yake nyingi hupita akisoma na kuandika, na mkimya anayeandika vizuri ni mali. Tatizo la mkimya ni kwamba kwenye darasa kubwa hupotea. Anakaa safu ya nyuma miaka yote, hakuna mhadhiri anayemjua kwa jina, na siku anapohitaji barua ya kumpendekeza anaandikiwa na mtu anayeangalia namba yake ya usajili. Ndiyo maana nilikutuma kwenye ile safu ya idadi ya wanafunzi. Linganisha namba mbili zile, kisha waulize wale wa mwaka wa pili semina zao zinakuwa na watu wangapi. Semina ya watu kumi na watano itakulazimisha ufungue mdomo, nawe unahitaji kulazimishwa. Semina ya watu themanini ni mhadhara uliobadilishwa jina.

Dini. Mzee wako usimpuuze, na wala usimpinge kwa hoja za kisasa za kuokota. Anajua kitu. Mtoto wa kike wa Makorora aliyekua na adhana kila upande, ukimpeleka mahali ambapo ratiba, chakula na sikukuu zote ni za watu wengine, kuna nguvu fulani anaitumia kila siku kwa kujieleza tu. Nguvu hiyo inatoka kwenye masomo. Kwa upande mwingine, SAUT inapokea watu wa dini zote, Mwanza ina misikiti tele, na wapo Waislamu wengi waliosoma vyuo vya Kanisa wakatoka na dini yao nzima. Yaulize mambo yenyewe: Ijumaa mchana kuna vipindi? Mwezi wa Ramadhani futari inapatikanaje hosteli? Vazi lako lina shida yoyote kwenye chumba cha mtihani? Majibu hayo mpelekee baba, yatamtuliza au yatampa haki. Na yeye pia mwambie kwamba chuo cha dini yetu hakimlindi mtoto asiyejilinda. Morogoro ni mji, una kila kitu ambacho mji unacho.

Shangazi wa Kihonda ndiye anayenitia wasiwasi kuliko maaskofu. Kihonda si mbali na chuo, na chumba cha bure ni kishawishi. Lakini wewe ni binti, na unajua na mimi najua kinachompata binti anayekaa kwa shangazi. Saa kumi na moja jioni, wakati wenzako wanaingia maktaba, wewe unaingia jikoni. Mtoto wa shangazi ana kazi za shule za kusaidiwa, Jumamosi ni kufua, mgeni akija unaitwa. Hakuna atakayekuonea, ni mapenzi tu, na mapenzi hayo yatakupa sapu, yaani mtihani wa kurudia, mwaka wa kwanza. Kaa hosteli angalau miaka miwili ya mwanzo, kwa shangazi nenda Jumapili ukale wali.

Safari na fedha havina mjadala mrefu. Morogoro unapanda basi alfajiri, Segera, Chalinze, mchana uko Msamvu. Mwanza ni zaidi ya kilometa elfu moja, maana yake likizo fupi hutarudi nyumbani, na nauli ya kwenda na kurudi iingizwe kwenye hesabu ya ada. Sheria kwa miongozo ya Bodi ya Mikopo imekuwa ikikaa nyuma ya udaktari, uhandisi na ualimu wa sayansi, kwa hiyo omba mkopo lakini msipange maisha kana kwamba umeshapata asilimia mia. Ukipata sehemu ya ada, pengo ni la baba. Fedha ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23, na huwa na tabia ya kuchelewa mwanzoni mwa muhula. Waombeni vyuo vyote viwili muundo kamili wa ada, pamoja na michango ya usajili, mitihani, kitambulisho, bima na mahafali. Hapo kwenye michango midogo midogo ndipo wazazi wanapojikuta wameshangaa.

Kwa haya uliyonieleza, mimi naegemea Morogoro. Naegemea huko kwa sababu unataka kurudi kufanya kazi mji ambao mirathi ya Kiislamu ni mkate wa kila siku, kwa sababu wewe ni mtu wa darasa dogo, na kwa sababu nguvu ambayo ungeitumia kuzoea Mwanza utaitumia kukarabati Kiingereza chako. Lakini nitageuka mara moja ukiniambia mambo mawili: kwamba wanafunzi wa Morogoro uliowapigia hawakurudishiwa kazi zao muhula mzima ilhali wa Mwanza walirudishiwa, au kwamba orodha ya masomo ya Morogoro haina kitu cha biashara zaidi ya yale ya lazima. Likitokea lolote kati ya hayo, chukua Mwanza bila kugeuka nyuma, na mimi nitakuja kuzungumza na mzee wako.

Usichelewe. Waliochaguliwa zaidi ya chuo kimoja hutumiwa namba maalumu kwa simu au barua pepe, nayo ndiyo unayothibitishia chuo kimoja kabla dirisha halijafungwa. Namba hiyo usimpe mtu wa stesheneri akufanyie wakati wewe umeenda sokoni. Kaa naye, soma jina la chuo na la programu kwenye skrini, ndipo abonyeze.

Laptopu nunua sasa kama mzee anaweza, ila si mpya. Iliyotumika yenye kicharazio kizima na betri ya saa tatu inatosha kabisa kwa sheria, maana hutachora wala kuhariri video. Kabla ya kulipa, andika ukurasa mzima pale pale dukani ukitumia vidole vyote, kwa sababu herufi moja inayokwama utaijua kwenye insha ya kwanza. Simu inafaa kusomea hukumu ukiwa kitandani, lakini insha ya kurasa kumi haiandikwi kwa simu, na bumu la kwanza, likija, litakuta una madeni ya chakula.